Moyo wa Chuma Usipelekwe Pwani

Barua ya wazi kwa wahandisi, maofisa ununuzi na wajumbe wa bodi za zabuni wa mashirika ya umeme ya pwani ya Afrika Mashariki



Waya wa umeme ukishapandishwa nguzoni, ni nadra mtu kuuangalia tena. Transfoma ikiungua mtaa mzima unajua. Nguzo ikiliwa na mchwa fundi huigonga kwa nyundo, mlio wake ukamwambia. Waya unaning'inia juu huko miaka thelathini, arobaini, na anayepita chini yake hana namna ya kujua umebakiza nini ndani. Kama utadumu au hautadumu, hilo liliamuliwa zamani mezani, siku mtu alipojaza safu moja ya jedwali la zabuni: waya wa aina gani, ukubwa gani, kilomita ngapi. Barua hii inahusu safu hiyo. Ninachosema ni kwamba kwa laini za juu zinazopita kwenye ukanda wa upepo wa bahari, kuanzia Lamu, Malindi na Mombasa, kushuka Tanga, Pangani na Bagamoyo hadi Kilwa, Lindi na Mtwara, pamoja na Unguja, Pemba na Mafia, tuache kununua waya wa alumini wenye moyo wa chuma, tununue waya ambao nyuzi zake zote ni za aloi ya alumini. Tusirudi kwenye shaba, kama wengine wanavyotamani, na tusiulete pwani waya wa bara kwa sababu tu umezoeleka. Pingamizi zipo, na wanaozitoa ni watu wanaoijua kazi, kwa hiyo nitazijibu kwa kirefu.

Nianze na shaba, maana kila laini ya pwani inapokatika hakosekani mtu wa kusema kwamba zamani ilifungwa shaba na mambo yalikuwa shwari. Hasemi uongo. Shaba huzidiwa na fedha peke yake katika kupitisha umeme, na ikipigwa na hewa ya bahari hujifunika utando wa kijani unaoilinda. Alumini ya nyaya, unene ukiwa mmoja, hufikia kiasi cha asilimia 61 tu ya upitishaji wa shaba. Kama waya ungekuwa umelazwa ardhini, hoja ingeishia hapo. Lakini waya wa laini ya juu hubeba uzito wake wenyewe, kutoka nguzo hadi nguzo, na sentimita moja ya ujazo ya shaba ina gramu 8.9 wakati ya alumini ina gramu 2.7. Ukiongeza unene wa alumini mpaka ipitishe umeme sawasawa na shaba, bado itakuwa na nusu ya uzito wake. Chukua waya mnaoufahamu vizuri, ule unaoitwa Dog. Ukinzani wake ni kiasi cha omu 0.273 kwa kilomita. Waya wa shaba wenye ukinzani huo utakuwa na unene wa milimita za mraba 65 hivi, na kilomita yake moja itakaribia kilo 580. Kilomita ya Dog ni kilo 394. Ya waya wa aloi wenye ukinzani wa jirani kabisa na huo, unaoitwa Oak, ni kilo 325 hivi.

Sasa wekeni bei. Kwa miaka ya karibuni tani ya shaba katika soko la dunia imekuwa ikiuzwa kwa zaidi ya mara tatu ya tani ya alumini, mara nyingine karibu mara nne. Zidisheni kwa uzito mtaona kwamba metali ya kilomita moja ya laini ya shaba ingewagharimu zaidi ya mara tano ya metali ya laini ya alumini, na soko likichachamaa mara saba. Hapo hamjanunua nguzo nene zaidi za kubeba uzito wote huo. Shaba ya Katanga na ya Zambia hupita kila siku kwa malori katika barabara ya Tunduma, Mbeya, Iringa na Morogoro kuelekea bandari ya Dar es Salaam, na nguzo za umeme zilizopangana kando ya barabara hiyo zimefungwa alumini. Anayedhani ni dharau kwa mali yetu wenyewe apige hesabu hiyo ya uzito na bei, ataona nchi zinazochimba shaba zinafanya vilevile.

Hata hivyo, shaba ina mahali pake ambapo alumini haifai kabisa, na ni vizuri kupataja ili isionekane naitetea metali moja kwa ushabiki. Waya wa treni ya umeme, ule unaosuguliwa na mkono wa treni inapokimbia, hutengenezwa kwa shaba au aloi ya shaba, kwa sababu alumini ingelika na kuungua upesi. Treni za umeme za reli ya kisasa (SGR) zilizoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024 haziwezi kukwepa kanuni hiyo. Koili za transfoma zinazotakiwa kuwa ndogo, nyaya za ndani ya mota, kebo zinazolazwa chini ya bahari: kote huko nafasi ni finyu au mguso ni mgumu, na shaba hulipa gharama yake. Angani nafasi ni ya bure. Waya wa alumini ukinenepa kidogo hakuna anayebanwa.

Kuna na wizi. Shaba iliyo juu ya nguzo ni fedha taslimu inayoning'inia gizani. Lakini tusijidanganye kwamba alumini haiibwi. Huyeyushwa ikawa sufuria, na mnunuzi wa sufuria haulizi ilitoka laini gani. Hata chuma cha minara huibwa. Januari 2022 minara ya njia ya Kiambere hadi Embakasi ilianguka jijini Nairobi, Kenya nzima ikaingia gizani, na siku chache baadaye serikali ikasimamisha biashara ya vyuma chakavu. Kwa hiyo siwaombi mchague metali kwa kumwogopa mwizi tu. Nasema tu kwamba mwizi mwenye msumeno akikuta shaba na alumini zimefungwa jirani, ataanza na ile inayolipa mara tatu.

Shaba ikiwekwa kando, wengi hudhani mjadala umekwisha: tufunge alumini. Hapo ndipo kosa la pwani linapoanza, kwa sababu kinachoitwa alumini kwenye stoo zetu mara nyingi ni metali mbili, au tatu ukihesabu zinki. Alumini ilipata bei ya kununulika baada ya mwaka 1886, pale Charles Martin Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa, kila mmoja kivyake, walipogundua njia ya kuitoa kwenye madini yake kwa umeme. Tatizo lake likabaki kwamba ni laini, hukatika mapema ikivutwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 wahandisi wa Marekani wakaitia moyo wa chuma: nyuzi za chuma katikati zivute, nyuzi za alumini nje zipitishe umeme. Ulikuwa uvumbuzi wa maana kweli. Nyaya hizo zimeuzunguka ulimwengu, na zikifungwa Dodoma, Singida au Shinyanga, ambako hewa ni kavu na umbali kati ya nguzo ni mrefu, sina neno nazo.

Tuukate waya wa Dog tuuangalie kichwani. Nje kuna nyuzi 6 za alumini, kila moja yenye kipenyo cha milimita 4.72. Ndani kuna nyuzi 7 za chuma, nyembamba, za milimita 1.57. Chuma kikigusana na alumini penye maji ya chumvi kunazaliwa betri ndogo, metali moja inaliwa kwa faida ya nyingine, kwa hiyo nyuzi za chuma hupakwa zinki ili zinki iliwe kwanza. Swali ni zinki kiasi gani. Kwa uzi wa unene huo, mpako wa kawaida ni gramu 200 hivi kwa kila mita ya mraba, na ukizigeuza kuwa unene unapata takribani mikroni 28. Ni utando mwembamba kuliko unywele wa mtu. Utando huo ndio bima yote ya laini yenu dhidi ya Bahari ya Hindi.

Kiwango cha kimataifa cha ISO 9223 kinagawa hewa katika madaraja kwa kupima inavyokula metali. Katika hewa ya daraja la C3, la wastani, zinki hupoteza kati ya mikroni 0.7 na 2.1 kwa mwaka. Katika daraja la C5, ambalo hupatikana kwenye pwani zenye chumvi nyingi, hupoteza kati ya mikroni 4.2 na 8.4. Gawanyeni 28 kwa namba hizo. Katika hewa ya wastani mpako una uhai wa miaka 13 hadi 40. Katika hewa ya C5 una miaka mitatu hadi saba. Mhandisi makini ataniambia hapohapo kwamba namba hizo ni za zinki iliyoachwa wazi, na ile ya ndani ya waya imefunikwa na alumini na kupakwa grisi. Ni kweli, na ndiyo maana nyaya za pwani hazikatiki mwaka wa nne. Lakini kilichofunikwa kina balaa lake. Kusi linapovuma kuanzia Aprili, chumvi inayotua juu ya waya huoshwa na mvua ya masika, ila ile iliyopenya kati ya nyuzi haioshwi na kitu. Inabaki humo na unyevu wake, mchana ikipikwa na jua na mzigo wa umeme, usiku ikinywa umande. Grisi nayo hulainika na kuchuruzika ikiwa kiwango chake cha kuyeyuka kilichaguliwa kwa bei. Na mahali ambapo mashine ya kiwandani iliruka bila kupaka grisi, hata kama ni kipande cha mita chache, ndipo waya utakapoanzia kufa.

Unavyokufa ni kwa siri. Zinki ikiisha, betri inageuka upande: sasa alumini ndiyo inayoliwa, kuanzia ndani, na uchafu wake mweupe unajaa kati ya nyuzi mpaka waya unavimba kidogo. Chuma nacho kinashika kutu. Kutoka chini unaona waya mzima, unaong'aa. Umeme unapita. Mita zinasoma. Siku ya upepo mkali, au siku mzigo umeongezeka na waya umepata moto, moyo uliobaki nusu unakatika, na laini ya kilovoti 33 inalala barabarani. Nchi zenye fedha zilitengeneza vifaa maalumu vinavyotambaa juu ya waya kupima zinki iliyobaki bila kuukata. Kama hatuna mpango wa kufanya upimaji huo kwa kila laini ya pwani, basi tusifunge kitu kinachouhitaji.

Waya wa aloi hauna moyo. Alumini inachanganywa na magnesi na silikoni, kila moja chini ya asilimia moja au karibu na hapo, kisha inapitishwa kwenye moto kwa utaratibu maalumu, na nguvu yake inapanda kiasi kwamba haihitaji chuma cha kuibeba. Oak ni nyuzi 7 za metali moja, kila uzi wa milimita 4.65. Kipenyo chake chote ni karibu sawa na cha Dog, ukinzani wake unakaribiana sana na wa Dog, na nguvu ya kuukata ni ya kiasi kilekile, hata kuzidi kidogo, yaani zaidi ya kilonyutoni 33. Ni mwepesi kwa zaidi ya kilo 60 kwa kilomita. Ndani yake hakuna zinki ya kuisha wala metali mbili za kugombana. Aloi nayo huliwa na chumvi, sisemi haiguswi, ila huliwa kwa vidoa vya juujuu kwenye uzi mnene, pale ambapo jicho la fundi linaweza kuviona.

Wala si kitu cha majaribio. Ufaransa imeujenga sehemu kubwa ya mtandao wake kwa aloi hiyo, inayoitwa huko Almelec, kwa miongo mingi. India ina kiwango chake cha taifa cha nyaya za aloi kilichopangwa makusudi ili kila ukubwa wa waya wa moyo wa chuma uwe na mbadala wake. Na Uingereza, iliyotupa majina ya Dog, Rabbit na Wolf, laini zake nyingi za nguzo za miti siku hizi hufungwa nyaya za aloi, Hazel na Oak. Tumerithi orodha, warithishaji wameshaibadilisha, sisi bado tunaisoma ileile. Ajabu zaidi ni kwamba aloi hii tunayo tayari mitaani: kwenye kebo za kusokotwa za muundo wa Kifaransa, zile nyeusi zinazopeleka umeme majumbani, waya unaobeba uzito wa kebo nzima ni wa aloi ya namna hiyo.

Pingamizi la kwanza ni bei. Sikatai kwamba kilo ya aloi huuzwa ghali kuliko kilo ya alumini ya kawaida, na chuma ni rahisi kuliko zote mbili, kwa hiyo katika zabuni Oak mara nyingi itaonekana juu ya Dog. Lakini waya ni sehemu tu ya gharama ya laini. Kuna nguzo, vikombe vya kushikia waya, mashimo, lori, posho za mafundi, siku za kukata umeme. Laini ya pwani ikihitaji kubadilishwa waya mara mbili katika uhai wa nguzo zake, tofauti ile iliyookolewa siku ya zabuni inamezwa na gharama ya kurudi tu, kabla hujanunua mita moja ya waya mpya. Bodi inayolinganisha bei ya kilomita bila kuandika miaka inayotarajiwa hailinganishi vitu viwili vya namna moja. Na mkiwa mnapiga hesabu ya muda mrefu, pigeni na ya upotevu. Laini ya awamu tatu inayobeba ampea 100 kwa waya wa Dog hupoteza kilowati 8.2 kwa kila kilomita. Kwa waya mwembamba wa Rabbit hupoteza 16.3. Kupunguza unene ili kulipia aloi itakuwa hasara nyingine, kwa hiyo nisieleweke vibaya: naomba aloi yenye upitishaji uleule, bila kupunguza.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Chuma hakitanuki sana kwa joto, aloi hutanuka. Kwa kila nyuzijoto moja aloi hurefuka sehemu 23 katika milioni, Dog kama 20. Kwenye nafasi ya mita 100 kati ya nguzo, waya ukipanda kutoka nyuzijoto 25 hadi 65, tofauti kati ya kurefuka kwa huu na ule ni kama sentimita 1.2, na kulegea kunakoongezeka katikati ya nafasi ni kwa sentimita, haifiki mita. Fundi mwenye jedwali sahihi la mvuto anaimudu hiyo, ilimradi asitumie jedwali la Dog kufungia Oak, kosa ambalo ni rahisi kutokea kwa sababu nyaya hizo mbili zinafanana unene. Kwenye kuvuka mito mipana, Rufiji, Wami, Pangani au Tana, mambo hubadilika. Pale nafasi ni ndefu na chuma kinahitajika. Hapo nakubali moyo wa chuma, lakini uwe ule ambao kila uzi wa chuma umevikwa koti la alumini lililoganda juu yake badala ya mpako wa zinki. Ni ghali, na ni kwa vivuko vichache.

Tatu ni mtetemo. Waya mwepesi ukikazwa sana kwenye upepo wa taratibu usiobadilika, kama ule wa pwani asubuhi, hutetemeka upesi upesi kwa mitetemo midogo usiyoiona, na baada ya miaka nyuzi hukatika moja moja penye klampu. Dawa yake inajulikana tangu miaka ya 1920, pale mhandisi George Stockbridge wa California alipobuni vile vizito pacha vinavyoning'inizwa karibu na kikombe. Viandikwe kwenye zabuni, na mkazo upunguzwe. Wanaosema watachanganyikiwa kuwa na nyaya za aina mbili stoo, na klampu za aina mbili, wana hoja ya kiutawala ambayo inatatulika kwa rangi ya lebo na mafunzo ya siku moja. Mashirika yenu yanatunza vipuri vya mitambo ya kila kizazi. Aina moja zaidi ya waya haitawashinda. Kuhusu viwanda vya nyaya vya Nairobi na Dar es Salaam, ambavyo kwa haki vinapewa kipaumbele, aloi inataka tanuru la kuikomaza baada ya kuvutwa. Mkitangaza mapema kwamba ukanda wa pwani utahitaji aloi kwa miaka kumi ijayo, mwenye kiwanda atajua cha kufanya. Asichoweza ni kuwekeza kwa mteja anayebadilisha mahitaji kila zabuni.

Hoja ambayo naona ina nguvu kuliko zote mnayo wenyewe kwenye mafaili yenu. Kiwango cha IEC 60815 kinataka vikombe vya maeneo yenye chumvi viwe na njia ndefu zaidi juu ya uso wake, ili umeme usitambae juu ya uchafu uliolowa. Yaani kiwango mnachofanyia kazi kinatambua kwamba hewa ya Kigamboni si hewa ya Tabora, na kinataka kikombe kichaguliwe kwa hewa yake. Sioni kwa nini waya ulioshikwa na kikombe hichohicho uchaguliwe kana kwamba bahari haipo.

Kuna jambo moja ambalo aloi haitalitatua, na nisipolisema barua hii itaonekana inauza dawa ya kila ugonjwa. Laini nyingi za alumini, za moyo na zisizo na moyo, hufia kwenye viungio. Alumini ikikwanguliwa hujifunika tena papo hapo utando mwembamba sana wa oksidi, na utando huo haupitishi umeme. Tena ni metali inayotii: ukiikaza kwa bolti inajisogeza pole pole, bolti inabaki imelegea bila kufunguliwa na mtu. Kiungio kilicholegea kinapata joto, joto linakilegeza zaidi. Kwa hiyo kazi ni ileile kila mara: kupiga brashi ya chuma, kupaka grisi ya viungio hapohapo kabla ya oksidi kurudi, kisha kubana kwa mashine, siyo kwa koleo. Pale alumini inapokutana na shaba ya kuingilia nyumbani, kiungio kiwe cha metali mbili kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, na shaba ikae chini, alumini juu, kwa sababu maji yanayodondoka kutoka kwenye shaba hubeba chumvichumvi za shaba zinazoila alumini. Vishoka, yaani mafundi wasio rasmi wanaopanda usiku na kusokota shaba juu ya alumini kwa mkono, wanaiharibu metali nzuri kwa dakika tano, lakini tusiwasingizie peke yao. Mkandarasi anayelipwa kwa kilomita, bila mtu wa kukagua viungio, hana sababu ya kubeba brashi. Ukaguzi wa viungio uwe kifungu cha malipo.

Ninachoomba hakihitaji mkopo wala mtaalamu kutoka ng'ambo. Kabla ya zabuni ijayo ya laini za pwani, tundikeni vipande vya zinki vilivyopimwa uzito kwenye nguzo zilizopo: vichache ufukweni, vichache kilomita moja ndani, tano, kumi, ishirini, Unguja na Pemba pande zote mbili za kila kisiwa. Viacheni mwaka mzima, vipite kusi na kaskazi, kisha vishusheni, visafisheni na kuvipima tena, kama ISO 9226, kiwango ndugu cha ISO 9223, kinavyoelekeza. Mtapata ramani ya chumvi ambayo hakuna muuzaji wa nyaya anayeweza kuipinga. Palipopoteza chini ya mikroni 2 kwa mwaka, nunueni Dog, nami sitakuwa na la kusema. Palipo kati ya 2 na 4, kama bado mnautaka moyo wa chuma, andikeni zinki nene zaidi na grisi inayohimili joto, na mtu wenu awepo kiwandani siku ya kuipaka. Palipozidi 4, futeni Dog kwenye jedwali muandike Oak, pamoja na vizito vya mtetemo, klampu zake na jedwali lake la mvuto. Matokeo ya vipimo hivyo yachapishwe, ili na sisi tunaolipa umeme tujue waya uliopo juu ya barabara zetu ulichaguliwa kwa kigezo gani.

Wasalaam,
Mteja wenu wa pwani